BREKI NA TAA ZAKE: YAMPASAYO MWENYE GARI KUYAJUA

Wenye magari na madereva wote wa Unguja na Pemba wanakumbushwa kwamba breki aghalabu hutoa dalili kabla ya kuharibika. Mwenye kuzipuuza huhatarisha roho yake na za wenziwe. Somo hili linaeleza mambo ambayo mwenye gari aweza kuyakagua mwenyewe, na yale yanayompasa fundi.

1. Mafuta ya breki
Funua boneti utazame chupa ya mafuta ya breki. Mafuta yawe baina ya alama ya juu na ya chini. Yakiwa yamepungua, usiongeze tu ukaondoka: ama pedi zimelika, ama pana mahali panapovuja. Tazama chini ya gari na upande wa ndani wa magurudumu.

Mafuta haya huvuta unyevu wa hewani, nao kwetu visiwani ni mwingi. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho chaweza kushuka hadi 155. Yakichemka hufanya mvuke, na mvuke hubonyea. Ndipo pedali huzama na gari lisisimame. Kwa hiyo ni vyema yabadilishwe kila miaka 2. Kamwe usitie mafuta ya injini, ya taa wala ya kula, kwani huharibu mipira ya breki.

2. Pedi
Pedi zikibakia na unene wa milimita 3 zibadilishwe, za kulia na kushoto kwa pamoja. Usipulize vumbi lake, kwani baadhi ya pedi za zamani zina asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Gari lililopita ufukweni lioshwe chini kwa maji ya mfereji, maana chumvi huleta kutu.

3. Taa za breki
Dereva hazioni taa hizi. Zinamlinda kwa kumwonya aliye nyuma yake. Mwombe mtu asimame nyuma, kando ya gari, nawe ukanyage pedali.

(a) Ikiwa taa moja haiwaki, kagua globu na kikombe chake.
(b) Ikiwa zote haziwaki, kagua fyuzi, kisha swichi iliyo kwenye pedali. Fyuzi ikiungua tena, usitie kubwa zaidi wala kipande cha waya. Gari laweza kuwaka moto.
(c) Ikiwa hazizimiki, huenda swichi imesogea, au kipande cha mpira kinachoisukuma kimevunjika.

4. Yampasayo fundi
Pedali ikizama, ikiwa laini kama sifongo, au gari likivuta upande mmoja unapofunga breki, usiliendeshe. Mwite fundi alipo gari.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na roho ikishapotea, hapana ukuta wa kujenga.