Gumegume, fataki na viasi: jinsi ya kufundisha gobore bila kuwadharau babu zetu

Wanachuo wenzangu wa ualimu, hasa mlio na Historia kama somo la kufundishia, kuna sentensi moja ambayo kila mtu aliyesoma sekondari Tanzania anaijua. Swali likiuliza kwa nini Waafrika walishindwa kuuzuia uvamizi wa wakoloni, hoja ya kwanza ni "silaha duni". Unaandika, unapata maksi, unaendelea na hoja ya pili. Nami niliifundisha hivyohivyo wiki ya pili ya mazoezi ya kufundisha, katika sekondari moja ya kata mkoani Geita, mpaka binti mmoja wa kidato cha tatu aliponyoosha mkono: "Madam, kwa hiyo babu zetu walikuwa hawana akili? Waliona bunduki nzuri wakanunua mbaya?"

Swali lake ni zuri kuliko sentensi yetu. Kulijibu kunahitaji kujua gobore lenyewe linafanyaje kazi, na makala hii ni somo nililoliandaa kwa ajili hiyo. Lichukue, lirekebishe, litumie. Kwa kuwa sasa lipo somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili, maneno tunayo tayari, na ni maneno mazuri.

Anza na maneno hayo. Waswahili wa karne ya 19 hawakusema "bunduki" tu wakaishia hapo. Walitofautisha bunduki ya gumegume, bunduki ya fataki na bunduki ya viasi. (Ukitamka "fataki" darasani jiandae kwa vicheko. Kwa kizazi chetu fataki ni lile zee la kwenye matangazo ya redio linalowafukuzia mabinti wa shule. Waache wacheke, kisha waambie kwamba fataki ya kwanza ilikuwa kikofia kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka ikigongwa.)

Gumegume ni lile jiwe gumu la kutolea cheche. Katika bunduki hiyo, kidole cha chuma kinabana kipande cha jiwe. Ukivuta kifyatulio, kidole kinaruka mbele, jiwe linakwaruza bamba la chuma, cheche zinaanguka kwenye kisahani chenye baruti kidogo. Baruti hiyo inawaka, moto unapita kwenye tundu jembamba ubavuni mwa mtutu na kuifikia baruti kubwa iliyoshindiliwa ndani kwa mdeki. Ndipo bunduki inalia. Kati ya kuvuta na kulia kuna kijimuda kidogo ambacho mpigaji lazima avumilie bila kutikisika. Mvua ikinyesha kwenye kisahani, hakuna kitu. Tundu likiziba kwa masizi, kisahani kinawaka na mtutu unakaa kimya.

Hapa ndipo mwalimu wa Geita ana bahati kuliko mwalimu wa Dar. Lile jiwe jeupe ambalo wachimbaji hulifuata ardhini wakitafuta mwamba wa dhahabu ni la jamii ya kwatzi, na kipande chenye ukingo mkali kikikwaruzwa kwenye tupa kuukuu ya seremala kinatoa cheche. Mkombe mwalimu wa Fizikia mje wote wawili, wanafunzi wakae nyuma kidogo, anayekwaruza avae miwani, na dirisha lifunikwe ili cheche zionekane. Kisha uliza: kinachowaka ni jiwe au chuma? Darasa langu karibu lote lilisema jiwe. Ni chuma. Jiwe linakata vichembe vidogo vya chuma, navyo vinawaka vikiwa hewani. Ndiyo maana bamba la gobore lilitakiwa kuwa la chuma kigumu hasa. Chuma laini hakitoi cheche za maana hata jiwe liwe kali namna gani.

Tusidanganyane hapo, maana kuna jambo linalouma. Ukanda huu haukuwa mgeni wa chuma. Warongo, upande huu wa kusini-magharibi mwa Ziwa, waliyeyusha chuma kwa mifuo na mkaa na kutengeneza majembe kwa vizazi vingi. Lakini jembe na mtambo wa bunduki ni vitu viwili. Mtambo unataka springi inayopinda mara elfu bila kulegea, na mtutu unataka bomba lililonyooka lisilo na ufa hata mmoja. Huko Birmingham na Liège kazi hiyo iligawanywa: huyu mitutu tu, yule mitambo tu, mwingine vitako, halafu vipande vikakusanywa. Mhunzi mmoja kijijini, hata awe fundi namna gani, alikuwa anashindana na mji mzima.

Sasa basi, uchaguzi. Hii ndiyo sehemu wanafunzi waliyoipenda. Wagawe katika makundi na uwaambie: ninyi ni watu wa mtemi, mwaka ni 1875, pembe za ndovu mnazo, na mfanyabiashara kutoka pwani ameweka bunduki tatu mbele yenu. Ya viasi inajazwa kwa nyuma, ina kasi na inapiga mbali. Ya fataki haisumbuliwi sana na unyevunyevu. Ya gumegume ni ya zamani, pengine iliachwa na jeshi fulani la Ulaya lilipobadilisha silaha. Mnachukua ipi?

Wote watakimbilia ya viasi. Waache, halafu waulize swali la pili: kiasi cha mwisho kikiisha, mtafanya nini?

Kutoka Tabora hadi pwani msafara ulitembea takribani miezi mitatu. Kiasi ni kitu cha kiwandani, huwezi kukitengeneza Ushirombo. Fataki vivyo hivyo. Lakini mwenye gumegume anahitaji jiwe, na jiwe likichakaa linachongwa tena au linatafutwa lingine. Anahitaji kitu cha kurusha, hata kipande cha chuma cha mhunzi kinafaa. Na anahitaji baruti. Baruti ndiyo ilimfunga kamba na pwani, lakini ni kamba moja badala ya tatu.

Kijana mmoja ambaye baba yake ni mchimbaji mdogo alilielewa hili kabla sijamaliza. Alisema ni kama nyundo na moko dhidi ya mashine ya kutobolea miamba. Kila mtu duarani anajua mashine ni bora. Ila siku dizeli imekosekana, mwenye moko anaendelea kuingiza riziki na mwenye mashine anakaa kivulini. Kusema kweli mfano wake ulizidi wangu wote niliouandaa usiku kucha.

Mtemi Mirambo wa Urambo ndiye mfano wa kutumia hapa, maana vita vyake vilifika hadi Usumbwa, nchi ambayo leo ni Bukombe na Kahama. Kuanzia 1871 aliwabana wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe hadi njia ya msafara ikafungwa. Hata Stanley, aliyekuwa anapita kumtafuta Livingstone, aliungana na Waarabu mwaka huo na wote wakakimbizwa. Rugaruga wa Mirambo walikuwa na magobore, mikuki na mishale. Gobore lina mtutu laini, na zaidi ya mita mia moja kumpata mtu mmoja ni bahati. Lakini ukiwa unavizia porini, au uko nyuma ya ukuta wa boma na adui yuko hatua thelathini, linatosha. Mirambo hakuwa mjinga wa silaha. Alijua kinachomlisha gobore ni barabara, akapigania barabara.

Halafu lete tarehe ambayo vitabu vingi huiruka: tarehe 2 Julai 1890, Brussels. Mataifa ya Ulaya yalitia saini mkataba uliojulikana kwa kupiga vita biashara ya watumwa, na ndani yake wakapiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Kilichoruhusiwa, kwa masharti, ni bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida. Somesha hicho kifungu polepole. Wakati huohuo askari wa Kijerumani wanabeba Mauser, na bunduki ya Maxim inatema risasi kama mia sita kwa dakika, huku mwenye gobore hodari akipiga mbili au tatu. Mwanafunzi akishaona hilo, "silaha duni" inaacha kuwa tabia ya Waafrika. Inakuwa kitu kilichopangwa mezani na watu wenye majina na saini.

Miaka miwili na nusu baadaye, Januari 1893, Mtemi Isike wa Unyanyembe alizingirwa ndani ya boma lake na kikosi cha Tom von Prince. Baruti alikuwa nayo ghalani. Alipoona ukuta umevunjwa aliilipua akiwa humohumo.

Tahadhari moja ya kikazi. Kuna mwanafunzi atakuambia kwao kuna gobore la babu na atajitolea kulileta. Kataa palepale, kwa upole. Magobore bado yanatengenezwa kienyeji na kutumika kwa ujangili na uhalifu, na chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 kumiliki silaha bila leseni ni kosa, liwe la babu au la nani. Serikali imetoa mara kadhaa muda wa kusalimisha kwa hiari, na mzee mwenye nalo aelekezwe huko. Kwako wewe, jiwe na tupa vinatosha.

Kazi ya nyumbani niliyowapa ilikuwa swali moja tu: "Taja kitu kimoja kinachotumika machimboni ambacho kikikosekana wiki moja kazi yote inasimama, na useme kinatoka wapi." Majibu yalikuja na zebaki, dizeli, mipira ya chuma ya karasha, mipira ya kuvutia maji. Yule binti wa swali la kwanza aliandika "bei", akaongeza kwamba nayo haitengenezwi Geita. Nilimpa maksi zote.