Makumbusho ya Uganda na Wageni Walioyajenga

Usidhani makumbusho ni mahali pa watalii na watoto wa shule tu. Makumbusho ya Uganda, yaliyoko Kira Road kati ya Mulago na Kamwokya, ni yako pia, hata kama umeingia Kampala juzi kutoka Bukavu au Arusha. Tena wewe mhamiaji huenda ukayaelewa upesi zaidi, kwa kuwa mengi utakayoyaona pale yalipitia mikononi mwa watu ambao kwao hakukukalika tena.

Utafikaje? Ukiwa katikati ya mji, panda taksi ya abiria inayokwenda Kamwokya na umwambie kondakta akushushe Museum. Ukichukua bodaboda, patana nauli kabla hujapanda. Ukifika saa nne asubuhi utakuta pamefunguliwa. Siku za shule, makundi ya wanafunzi huja asubuhi, kwa hiyo anayetaka utulivu aende baada ya chakula cha mchana.

Kiingilio je? Hulipwa mapokezini. Raia wa Uganda hulipa pesa kidogo, wageni zaidi, na watoto hupunguziwa. Beba kitambulisho kinachoonyesha uraia wako, pamoja na noti ndogondogo. Viwango hubadilika, basi viulize hapohapo kabla hujatoa pesa, na uulize pia kama kupiga picha kunalipiwa. Omba mwongozaji, yaani mfanyakazi wa kukutembeza na kukueleza. Ukiridhika naye, mpe bahashishi.

Kabla ya kuingia, simama nje ulitazame jengo. Lilichorwa na Ernst May, msanifu Mjerumani aliyepata sifa kwa mitaa ya nyumba za watu wa kawaida mjini Frankfurt. Wanazi walipotwaa madaraka hakuweza kurudi Ujerumani, akaja Afrika Mashariki mwaka 1934, akalima shamba Tanganyika, kisha akafanya kazi Kampala. Jengo lilikamilika mwaka 1954. Makumbusho yenyewe yana umri mkubwa zaidi: yalianza mwaka 1908 kwenye ngome ya kikoloni ya Lugard, Old Kampala, na wenyeji waliyaita Enyumba y'Amayembe kwa sababu ya hirizi na vitu vya mizimu vilivyohifadhiwa humo.

Ndani, usiharakishe chumba cha ala za muziki. Mimi nakipenda kuliko vyote. Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki mwenye asili ya Kiyahudi aliyekimbia Ujerumani, alikuwa mkuu wa makumbusho haya kuanzia mwaka 1948 hadi 1957. Alizunguka nchi nzima akirekodi nyimbo na kukusanya ala. Tafuta amadinda, marimba ya Waganda yenye vibao 12. Adungu, kinubi cha Waalur. Na endingidi, fidla ya uzi mmoja. Mwombe mwongozaji akupigie japo kidogo. Ala iliyofungiwa kwenye kioo haikuambii mengi mpaka uisikie, na watoto wakishasikia ngoma hawataki kuondoka.

Kisha uliza habari za Kibuuka, mungu wa vita wa Buganda. Mabaki yake yalipelekwa Cambridge, Uingereza, yakarudishwa wakati Uganda ilipokuwa ikipata uhuru. Mwaka 2024 vitu vingine 39 vilirudi kutoka Cambridge, ila hivyo vimekuja kwa mkopo. Kwangu mimi, mkopo hautoshi kwa vitu vilivyotoka kwetu. Uliza kama vimeshawekwa mahali pa kutazamwa.

Nyuma ya jengo kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali. Vaa viatu vya kutembelea. Tenga saa mbili kwa yote.

Na Wahindi, waliojenga reli na maduka ya mji huu? Habari za reli zina makumbusho yake madogo, kwenye stesheni ya zamani ya Jinja, kilomita 80 hivi kutoka Kampala. Kati ya mwaka 1896 na 1901 vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kujenga njia ya reli kutoka Mombasa hadi Kisumu. Wapatao 2,500 walikufa kazini. Reli ilifika Kampala mwaka 1931. Ukitaka kwenda, hakikisha kwanza kuwa pamefunguliwa, kisha uondoke alfajiri, kwa maana foleni ya barabara ya Jinja inaweza kukumalizia asubuhi yote kabla hujapita Mukono.