Nani alimlilia mama yake Fisi?

Njoo ukae hapa, mdogo wangu. Ndiyo, wewe uliyeamka na macho mekundu ukamwambia mama ni moshi wa jikoni. Moshi gani, na jana mlipikia gesi? Umekesha na sizoni. Ulipeleka flashi ikajazwe, ukajifunika shuka na simu yako mpaka saa kumi alfajiri, ukimlilia mwanamume anayepika dawa za kulevya. Sikucheki. Huyo huyo mimi nilimlilia mpaka chai ikapoa.

Hapa Berega sipitishi wiki bila mmoja wenu kunivuta pembeni: dada, mbona nampenda mtu mbaya, nina kasoro? Huna kasoro. Ni kwamba steringi wamebadilika. Kwenye vibanda umiza, enzi za kina Lufufu kututafsiria kanda za video, mambo yalikuwa mepesi: steringi huyu, adui yule, na steringi hafi. Hata baba zetu waliosoma habari za mpelelezi Willy Gamba, tangu Elvis Musiba alipotoa Kufa na Kupona mwaka 1974, hawakupata taabu ya kuchagua upande. Sasa steringi na adui wanavaa shati moja, na wewe umeachiwa uamue mwenyewe.

Mtazame huyo Walter White wa Breaking Bad. Kabla hujamwona akifanya ovu lolote, wameshakuingiza nyumbani kwake. Ni mwalimu wa kemia. Mshahara hautoshi, mke ni mjamzito, mtoto wa kwanza ana ulemavu, na jioni baba mtu anaosha magari. Mwanafunzi wake mwenyewe anamkuta amepiga magoti anasugua tairi. Kisha anaambiwa ana saratani ya mapafu. Mwalimu wa kutwa mwenye kibarua cha jioni, nani hapa kwetu hamjui? Ukishamwonea mtu huruma namna hiyo umeshamkopesha moyo, na kuudai ni kazi. Mbele huko msichana anapaliwa na matapishi yake akiwa usingizini. Walter yuko pale pale, angemgeuza tu akapona. Anamtazama mpaka anakufa. Na wewe? Uliweka sehemu inayofuata.

Na kumbuka umekaa naye sehemu 62. Kuna shemeji zako hujakaa nao saa zote hizo. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, walisema wazee, na sisi tumelikaribisha sebuleni. Prison Break nayo ilitushika mwaka 2005 kwa kamba nyingine: Michael Scofield anavamia benki makusudi afungwe, ili amtoroshe kaka yake anayesubiri kuuawa kwenye kiti cha umeme kwa kosa ambalo hakulitenda. Damu nzito kuliko maji. Nani angemwita huyo jambazi?

Usidhani tumefundishwa haya na Wazungu. Bibi alitulea na Sungura na Fisi. Thomas Beidelman, mtafiti wa Kimarekani aliyeishi huku kwetu Ukaguru mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika makala kuhusu hadithi hizo mwaka 1961. Aliona kwamba Sungura na Fisi wa Wakaguru ni mjomba na mpwa, na kwetu, tunaohesabu ukoo kwa mama, mjomba si mtu wa kuchezewa. Basi ile ya njaa, alivyonisimulia bibi: wamekubaliana kila mmoja amtoe mama yake wapate kula. Fisi anamtoa wake. Sungura wa kwake anamficha, kila siku anakwenda kupakuliwa kwa siri, huku Fisi anakonda. Tulicheka, mdogo wangu! Tulipiga makofi. Sungura mwongo, Sungura mwizi, lakini Sungura ni wetu, kwa sababu mama yake tulimjua na jiko lake tuliliona. Mama yake Fisi hakupewa hata jina.

Hapo ndipo ninapotaka unisikilize. Anayependwa ni yule ambaye jiko lake limeonyeshwa. Basi.

Kama huamini, mkumbuke Skyler, mke wa Walter. Kosa lake ni kumwambia mumewe sitaki uhalifu kwenye nyumba yenye watoto wangu. Watu walimchukia! Walimchukia hata Anna Gunn aliyemwigiza, mtoto wa watu aliyekuwa kazini, mpaka Agosti 2013 akaandika katika New York Times kuhusu chuki hiyo. Mpika sumu akashangiliwa, aliyesema hapana akaitwa mwenye gubu. Wewe ulimwitaje? Haya, nyamaza, nilikuwa nakusikia.

Kulia na sizoni hakuvunji nyumba. Kinachonitoa usingizi ni huyo mchumba wako. Kila baada ya miezi miwili ana pikipiki nyingine, bei haieleweki, kadi haionekani. Nikikuuliza unanijibu kama unamsimulia steringi: dada, ana moyo, anamnunulia mama yake dawa, anahangaika kwa ajili yetu. Mdogo wangu, hayo ndiyo maneno ya Walter toka sehemu ya kwanza, kwa ajili ya familia, kwa ajili ya familia. Sehemu ya mwisho kabisa ndipo anakiri kwa mkewe kwamba alikuwa akifanya kwa ajili yake mwenyewe. Skyler aliyasikia hayo nyumba ikiwa imeshabomoka.

Pikipiki hiyo ya sasa, kama imeibwa, ilikuwa ya mtu. Huenda ni kijana wa mkataba, aliyebakiza miezi mitatu iwe mali yake, na jioni ilipochukuliwa tajiri alikuwa anasubiri hesabu. Naye ana mama anayemeza dawa. Jiko lake hukuoneshwa, ndiyo maana halikuumi. Ingekuwa ya kaka yetu ungeshika fimbo. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kamuulize kadi, leo, kwa upole, ukimtazama usoni. Akikasirika kabla hajajibu, urudi hapa nyumbani, mlango siufungi.

Sizoni endelea nayo, siwezi kukukataza ninachokifanya mwenyewe. Ila nikuambie kilichonipata juzi. Umeme ulikatika, watoto wa mdogo wetu wakanidai hadithi, nikawapa ile ya njaa. Wakacheka pale pale tulipokuwa tunacheka sisi. Yule mdogo, wa miaka sita, hakucheka.

"Mama mkubwa, sasa mama yake Fisi alizikwa wapi?"

Nikachochea moto. Nikamwambia alale. Hakulala.