Jua Haki Zako: Karatasi ya talaka inayotambulika, na mahali pa kuipata

Waliotalikiana miaka kumi iliyopita huwa hawana haja na karatasi mpaka siku watakapoulizwa. Mfungishaji ndoa atauliza, kwa kuwa anayetaka kuoa au kuolewa hutoa taarifa siku 21 kabla, na humo hueleza kama aliwahi kuwa na ndoa na iliishaje. Ubalozi utauliza ukiomba viza ya kumfuata mchumba. Wanaouliza kwa ukali kuliko wote ni ndugu wa marehemu, siku mirathi inapofunguliwa na wanawake wawili wanakaa msibani, kila mmoja akisema yeye ndiye mjane.

Hapo ndipo makabati yanapopekuliwa, na kinachopatikana mara nyingi sicho kinachotakiwa.

Hatua ya kwanza, basi, ni kujua ulichonacho. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 (Sura ya 29), inayotumika Tanzania Bara, inasema katika kifungu cha 12 kwamba ndoa inaendelea kuwapo mpaka mmoja afariki, au mahakama itamke kwamba anadhaniwa amekufa, au ndoa ibatilishwe kwa amri ya mahakama, au mahakama itoe talaka. Talaka iliyotolewa nje ya mahakama inaingia tu ikiwa ilitolewa nje ya nchi na inakidhi masharti ya kutambuliwa hapa. Orodha inaishia hapo. Haimo barua aliyoiandika mume mbele ya mashahidi wawili. Hayamo makubaliano yaliyogongwa mhuri na mtendaji wa kata. Haimo hati ya kanisa ya kubatilisha ndoa, ambayo ina uzito wake ndani ya kanisa lakini haikufungui serikalini.

Ndugu zangu Waislamu hapa huniuliza kwa hamaki kidogo, na wana haki ya kuuliza: je, talaka aliyoitamka mume si talaka? Kwenye dini, hilo ni la masheikh wenu, nami sitoi fatwa. Kwenye sheria ya nchi, talaka hiyo haikupuuzwa, ila imewekewa mahali pake. Kifungu cha 107(3) kinasema kwamba iwapo ndoa ilifungwa Kiislamu, Baraza la Usuluhishi likathibitisha kuwa limeshindwa kuwapatanisha, kisha mmoja wenu akafanya jambo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, mahakama itatoa talaka. Tazama mpangilio huo: baraza kwanza, talaka baadaye, mahakama mwisho. Wengi huishia hatua ya pili, wakapewa barua ya sheikh au ya ofisi ya BAKWATA, wakaiweka kwenye bahasha na kuamini kazi imekwisha. Barua hiyo itunze, kwa maana ni ushahidi mzuri mbele ya hakimu. Lakini yenyewe si karatasi ya talaka.

Kuna karatasi nyingine inayowapoteza watu zaidi ya hiyo, nayo ni Fomu Na. 3. Hutolewa na Baraza la Usuluhishi la Ndoa, ina mhuri, ina majina yenu wote wawili, na inasema baraza limeshindwa kuwapatanisha. Kwa mtu aliyechoka na ugomvi wa miaka, maneno hayo husomeka kama talaka. Kumbe ni tiketi tu ya kukupeleka mahakamani, tena ina muda wake, kwa sababu kifungu cha 106(2) kinataka fomu iwe imetolewa ndani ya miezi sita kabla ya kufungua shauri la talaka. Kama uliyonayo ni ya mwaka 2015 na hukwenda mahakamani, machoni pa sheria bado mko kwenye ndoa, na itabidi kuanza upya barazani. Najua si habari njema. Ni afadhali kuisikia leo kuliko kuisikia msibani.

Sasa tuseme mlikwenda mahakamani na hakimu akatamka talaka. Mahakamani zilizaliwa hati mbili, na wateja huzichanganya. Ya kwanza ni hukumu, inayosimulia kesi nzima: nani alisema nini, shahidi gani aliaminika, kwa nini hakimu aliona ndoa imevunjika isipate kurekebishwa. Ya pili ni tuzo ya talaka, wengine mahakamani huiita dikrii. Hiyo ni fupi, mara nyingi ukurasa mmoja au miwili, na hutaja majina, namba ya shauri, tarehe, na yaliyoamriwa kuhusu ndoa, watoto na mali. Zote mbili ni zako na unaweza kuziomba. Lakini ofisi ikikuambia “lete karatasi ya talaka”, peleka tuzo. Hukumu ina mambo ya chumbani, maradhi, vipigo na fedheha za watu. Karani wa benki hana haja ya kuyasoma, na sioni sababu ya kumpa.

Hati ya tatu ni cheti cha talaka kinachotolewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, ambayo tangu mwaka 2006 ndiyo inayofanya kazi za Msajili Mkuu. RITA haivunji ndoa ya mtu. Inaandikisha talaka ambayo mahakama imekwisha kuitoa, kisha inatoa cheti. Kwa hiyo ukienda RITA ukiwa huna tuzo, na talaka yako haijaandikishwa, utarudishwa ulikotoka. Na usijiaminishe kwamba kwa kuwa kesi ilikwisha basi jina lako limo kwenye daftari lao. Uliza mwenyewe. Kama halimo, beba tuzo iliyothibitishwa pamoja na cheti chako cha ndoa ukaandikishe. Walio mbali na Dar es Salaam waanzie kwa msajili wa wilaya, ambaye kwa kawaida yuko kwenye ofisi za mkuu wa wilaya, palepale wanaposhughulikia vyeti vya kuzaliwa.

Njia ya kupata nakala, kwa ufupi, ni kurudi mahakama ileile iliyotoa talaka. Shauri la talaka linaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu, na kila moja ina masjala yake. Kitu cha kwanza atakachokuuliza karani wa masjala ni namba ya shauri. Ukiwa nayo, kazi ni nyepesi. Ukiwa huna, itafute kwanza kabla ya kupanda basi: imo kwenye samansi za zamani, kwenye risiti za malipo, kwenye faili la wakili aliyekusimamia, na pengine kwa mtalaka wako kama bado mnasalimiana. Ikikosekana kote huko, taja majina kamili ya nyote wawili kama yalivyoandikwa wakati ule pamoja na mwaka, ili rejista ya mashauri ya mwaka huo ipekuliwe.

Kwa wakazi wa Dar es Salaam, kumbuka kwamba mwaka 2021 kilianza Kituo Jumuishi cha masuala ya familia pale Temeke, na mashauri ya ndoa na mirathi ya jiji yakaelekezwa huko. Kama kesi yako ni ya baada ya hapo, anzia Temeke. Kama ni ya zamani, anzia mahakama iliyoisikiliza. Na kama Mahakama ya Mwanzo iliyokutalikisha imehama au imefungwa, nenda Mahakama ya Wilaya iliyokuwa ikiisimamia, uulize majalada yalihamishiwa wapi.

Andika barua hata kama karani ni jirani yako. Ombi la mdomo halina tarehe. Barua yenyewe haihitaji mbwembwe:

“Kwa Hakimu Mfawidhi, Mahakama ya (jina). YAH: MAOMBI YA NAKALA ILIYOTHIBITISHWA YA TUZO NA HUKUMU, SHAURI LA NDOA NA. ... LA MWAKA ... Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi (jina kamili) nilikuwa mdai/mdaiwa katika shauri hilo, lililoamuliwa tarehe ... Naomba nakala mbili za tuzo na nakala moja ya hukumu, zikiwa zimethibitishwa. Naambatanisha nakala ya kitambulisho changu. Namba yangu ya simu ni ...”

Chapisha mbili. Moja iache, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo. Siku ukiambiwa “hatujaona ombi lako”, utaitoa mkobani.

Huhitaji ruhusa ya mtalaka wako. Kila upande wa shauri una haki ya nakala kwa jina lake, awe alishinda au alishindwa, awe alihudhuria au kesi ilisikilizwa upande mmoja. Aliye nje ya nchi anaweza kumtuma wakili, au ndugu mwenye hati ya uwakilishi iliyosainiwa mbele ya mwenye mamlaka ya kuishuhudia. Ndugu asiye na hati hiyo atarudishwa, na ni sawa arudishwe, kwani hakuna anayependa shangazi wa mtalaka wake aingie masjala kuchukua hukumu.

Kuhusu malipo, fedha ya serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba, ile tunayoiita kontrolo namba, kupitia benki au simu. Ukiambiwa kuna ada, omba namba hiyo. Anayetaka “ya maji” taslimu, bila namba wala risiti, anakuomba rushwa. Simu ya TAKUKURU ni 113, haina malipo. Lakini kabla ya kufika huko, mwone hakimu mfawidhi mwenyewe, maana mara nyingi tatizo linaishia mlangoni kwake.

Ukikabidhiwa nakala, isome hapohapo dirishani. Angalia mhuri wa mahakama, saini, na maneno ya kuthibitisha kuwa ni nakala sahihi ya ile ya asili. Fotokopi isiyo na hayo ni karatasi tu, hata kama ilitolewa ofisini kwa heshima zote. Vivyo hivyo hukumu uliyoipakua kutoka tovuti ya TanzLII: inafaa kusoma na kupata namba ya shauri, haifai kupelekwa ubalozini. Kisha linganisha majina na kitambulisho chako cha NIDA, herufi kwa herufi. Mwanamke aliyeandikwa kwa jina la ukoo wa mumewe, na sasa kitambulisho kina jina la baba yake, aandae hati ya kiapo kuonyesha kwamba majina yote mawili ni yake. Kosa la kiuandishi lililofanywa na mahakama husahihishwa na mahakama hiyohiyo kwa maombi. Usilifute kwa kalamu ukaandika juu. Utaigeuza hati halali kuwa ya kughushi, na kesi yake ni mbaya kuliko ya talaka.

Itazame tarehe pia. Asiyeridhika na uamuzi wa shauri la ndoa ana siku 45 za kukata rufaa. Ofisi ikikuambia usubiri siku hizo zipite, au ikitaka uthibitisho kwamba hakuna rufaa, haikuonei. Na kama rufaa ilikwisha kusikilizwa, chukua pia uamuzi wa mahakama ya juu, kwa sababu huo ndio wa mwisho.

Jambo gumu kuliko yote ni pale unapoambiwa jalada halionekani. Panya wamo, mafuriko yamo, na uzembe umo. Usikubali jibu hilo kwa mdomo. Andika kwa hakimu mfawidhi ukiomba jalada litafutwe na ujibiwe kwa maandishi. Likikosekana kweli, mahakama inaweza kulijenga upya kwa nyaraka walizonazo wahusika, ikiwemo nakala chakavu ya tuzo, hati ya madai yenye mhuri, na Fomu Na. 3. Kile unachokiona takataka kwenye bahasha kuukuu ndicho kitakachokuokoa. Mahakama ya chini ikikaa kimya, mwandikie Jaji Mfawidhi wa kanda. Na kama gharama au maandishi yanakutisha, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao wapo wilayani. Mashirika kama TAWLA na WLAC nayo huwasaidia wanawake kwa mambo haya bila malipo.

Anayepeleka hati nje ya nchi aulize kwanza ubalozi husika wanataka ipi, tuzo au cheti cha RITA, kabla ya kugharimia zote mbili. Kwa kawaida hati itapita Wizara ya Mambo ya Nje kuthibitishwa. Mahakama za Mwanzo huandika kwa Kiswahili, na sheria ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote, kwa hiyo bajeti ya mfasiri anayekubalika na ubalozi iwekwe mapema.

Wasomaji wa Zanzibar, haya ya Sheria ya Ndoa ya 1971 hayawahusu. Talaka za Waislamu huko ziko chini ya Mahakama za Kadhi, na usajili uko chini ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2018. Aliyefunga ndoa Unguja akahamia Tanga, ama kinyume chake, amweleze hivyo wakili au msaidizi wa kisheria tangu mwanzo, ili asipoteze nauli kutafuta jalada upande lisikokuwapo.