Pikipiki Inapolia Baada ya Matengenezo ya Nyumbani: Tambua Chanzo Kabla ya Kununua Kipuri

Wamiliki wengi wa pikipiki hufanya wenyewe kazi ndogo za matunzo: kubadilisha oili, kukaza mnyororo, kusafisha plagi na chujio la hewa, kurekebisha breki. Jambo hili ni jema, kwa kuwa hupunguza gharama na humfundisha mtu kukijua chombo chake. Hata hivyo, hutokea mara nyingi kwamba pikipiki iliyoingia uani ikiwa kimya hutoka na mlio mpya. Hapo mwenye chombo huwa baina ya hatari mbili. Ya kwanza ni kuupuuza mlio akaingia barabarani na nati iliyolegea. Ya pili ni kutaharuki akanunua beringi, klachi au vali asizozihitaji. Hatari ya kwanza yaweza kumpotezea maisha yeye na abiria wake. Ya pili humpotezea akiba, na kasoro hubaki pale pale.

Somo hili linaeleza namna ya kuufuatilia mlio kwa utaratibu hadi kwenye chanzo chake. Halichukui nafasi ya fundi wala ya kitabu cha mtengenezaji. Linamwezesha mlaji kufika kwa fundi akiwa na maelezo sahihi.

1. Kazi ya mwisho ndiyo ya kwanza kushukiwa

Mlio uliozuka mara tu baada ya matengenezo aghalabu hutokana na matengenezo hayo. Kwa hiyo, kabla ya kufungua kitu kingine, andika kwenye karatasi kila ulichogusa, kwa mfuatano. Kisha urudie: je, kila bolti imerudi mahali pake? Je, imebaki wosha au pini iliyosahaulika kwenye kitambaa? Je, spana au tambara limeachwa chini ya kiti? Ukaguzi huu hauna gharama yoyote, nao humaliza sehemu kubwa ya matatizo.

2. Je, mlio unafuata nini?

Pikipiki ina vitu vya aina mbili vinavyozunguka: vile vinavyofuata mwendo wa injini na vile vinavyofuata mwendo wa gurudumu. Ukijua mlio unafuata kipi, umeondoa nusu ya mashaka. Fanya majaribio yafuatayo mahali tambarare.

(a) Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, nje ya nyumba, bila gia. Washa injini. Mlio ukisikika na kuongezeka kasi unapozidisha mafuta, chanzo kimo kwenye injini au kitu kilichofungwa juu yake, kama vile ekzosi. Usifanye jaribio hili ndani ya chumba au stoo: moshi wa ekzosi una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua.

(b) Injini ikiwa inanguruma, vuta mkono wa klachi polepole, kisha uachie. Mlio ukibadilika au kutoweka, elekeza shaka kwenye klachi na sehemu za gia zinazoungana nayo.

(c) Zima injini, toa ufunguo, kisha zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono ukishika tairi, si mnyororo. Fanya vivyo hivyo kwa gurudumu la mbele likiwa limeinuliwa. Mlio ukisikika sasa, injini haihusiki.

(d) Mlio usiposikika katika majaribio hayo yote bali hutokea barabarani tu, tikisa kwa mkono kibao cha namba, madigadi, keria, vioo na kifuniko cha mnyororo. Kitu chepesi kilicholegea chaweza kutoa kelele inayofanana na uharibifu mkubwa.

Usipeleke kidole wala tambara karibu na mnyororo wakati injini inafanya kazi. Sproketi haitofautishi tambara na mkono.

3. Kuhesabu mlio wa gurudumu la nyuma

Mlio unaofuata gurudumu waweza kuhesabiwa. Weka alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye kiungo kimoja cha mnyororo, kisha zungusha gurudumu polepole ukisikiliza.

Mlio ukirudi kila tairi linapokamilisha mzunguko mmoja, tazama breki, rimu, spoki au tairi lenyewe. Ukirudi kila alama ya mnyororo inapopita, yumkini kipo kiungo kilichokakamaa au kilichofungwa vibaya. Kwa mfano, mnyororo wenye viungo 120 juu ya sproketi ya nyuma yenye meno 40 hukamilisha mzunguko mmoja baada ya gurudumu kuzunguka mara tatu. Mtu anayesikia "tak" moja kwa kila mizunguko mitatu ya gurudumu, kisha akauziwa beringi za gurudumu, amenunua kitu kisichohusika na mlio huo.

4. Milio ya mnyororo na breki

Mnyororo uliolegea hupigapiga kifuniko chake, hasa unapoachia mafuta ghafla. Ukiachwa hivyo waweza kuruka sproketi na kulifunga gurudumu. Mnyororo uliokazwa kupita kiasi hutoa mlio mwembamba wa kulalamika unaopanda pamoja na mwendo, nao hula beringi na sproketi. Kwa pikipiki nyingi ndogo, mnyororo hupaswa kucheza baina ya milimita 20 na 30 unapopimwa katikati ya upande wa chini. Kipimo cha kitabu cha mtengenezaji ndicho chenye neno la mwisho. Pima sehemu kadhaa ukizungusha gurudumu, kwani mnyororo haulegei sawasawa kote, na urekebishe kwa kufuata sehemu iliyokaza zaidi. Kumbuka pia kuwa pikipiki inapobeba uzito, mnyororo huzidi kukaza. Ulioonekana sawa bila mtu waweza kukaza mno abiria na mzigo wanapopanda.

Hakikisha alama za kurekebishia zilizoko pande zote mbili za ekseli zinalingana. Gurudumu likikaa upande, mnyororo husuguana na meno ya sproketi. Ikiwa mnyororo una kiungo chenye klipu, upande wa klipu uliofumbwa ndio unaotangulia katika mwelekeo wa mwendo.

Wengi husahau kwamba kulivuta gurudumu la nyuma ili kukaza mnyororo huivuta pia fimbo ya breki. Breki iliyokuwa sawa hubana kidogo, ikakwaruza na kupasha habu joto. Kwa hiyo, kila baada ya kukaza mnyororo, zungusha gurudumu, kisha rekebisha mchezo wa pedali ya breki upya na uangalie taa ya breki.

Viatu vipya vya breki vyaweza kutoa mkwaruzo mwepesi kwa muda hadi vizoee. Mkwaruzo mzito, mlio wa chuma kwa chuma, au breki inayoshika kwa mitetemo si jambo la kusubiri. Kagua pia kipande cha chuma kinachoizuia sahani ya breki ya nyuma isizunguke pamoja na gurudumu. Kipande hicho kikiachwa bila bolti yake, sahani yaweza kuzunguka mara ya kwanza unapokanyaga breki, ikakata fimbo au kulifunga gurudumu.

5. Milio ya injini

*Baada ya kubadilisha oili.* Kugongagonga kwa sekunde chache injini inapowashwa mara ya kwanza hutokea kwa sababu oili haijafika juu. Kukiendelea, zima injini mara moja na upime oili pikipiki ikiwa imesimama wima, si imeinamia stendi ya pembeni. Tumia oili iliyotengenezwa kwa ajili ya pikipiki yenye klachi inayofanya kazi ndani ya oili; alama ya JASO MA kwenye chupa huonyesha hivyo. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyoweza kuifanya klachi iteleze.

*Baada ya kugusa plagi.* Mlio wa "chu-chu-chu" unaofuata injini, pamoja na nguvu kupungua, huashiria hewa inayovuja pembeni mwa plagi iliyolegea. Acha injini ipoe. Plagi mpya yenye wosha yake huingizwa kwa vidole hadi igote, kisha hukazwa kwa spana takriban nusu mzunguko. Plagi iliyokwisha kutumika huhitaji kidogo sana kuliko hapo. Ikigoma tangu mwanzo, itoe na uanze upya; kuilazimisha huharibu nyuzi za kichwa cha silinda.

*Baada ya kusafisha chujio la hewa.* Mvumo mzito chini ya kiti huonyesha kuwa kifuniko hakijakaa vizuri. Usiendeshe hivyo, kwani vumbi litaingia kwenye silinda.

*Baada ya kufungua ekzosi.* Mlio mkali wa "ta-ta-ta" karibu na silinda na kupasuka unapoachia mafuta huashiria gasketi iliyochakaa au nati zisizokazwa sawasawa.

6. Ukimya usioaminika

Mlio wa "tik-tik" wa vali huwakera wengi, wakazikaza hadi zinyamaze. Huo ni ushindi wa muda mfupi. Vali huhitaji nafasi ndogo, ambayo kwa injini nyingi ndogo ni sehemu za mia za milimita, ili ifunge kikamilifu chuma kinapotanuka kwa joto. Vali isiyofunga haipigi kelele. Huungua kimya kimya hadi injini ipoteze nguvu. Nafasi hiyo hupimwa injini ikiwa baridi, kwa kipimo maalumu cha mabapa ya chuma. Asiye na kipimo hicho amwachie fundi.

7. Simamisha chombo

Usiendeshe hata kidogo ukisikia injini ikigonga kwa sauti nzito, breki ikisaga chuma, gurudumu likicheza upande kwa upande, au ukiona nati ya ekseli haina pini yake ya usalama ilhali mtengenezaji aliiweka. Kusukuma pikipiki hadi kwa fundi ni kazi ya jasho, lakini ni nafuu kuliko hospitali.

8. Unapokwenda kwa fundi au dukani

Mweleze fundi mambo manne: ulichofanya, mlio ulipoanza, unafuata nini, na jaribio lipi lililoubadilisha. Akisema kipuri kimekufa, mwombe akuonyeshe kasoro yake, na udai kipuri cha zamani baada ya kubadilishiwa. Dai risiti ya EFD yenye jina la kipuri na utunze kifungashio. Pikipiki ikiwa bado katika dhamana, soma masharti yake kabla ya kuifungua.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza udanganyifu dhidi ya mlaji. Ukishuku kuwa umeuziwa kipuri bandia, rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na risiti. Usiporidhika, wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani (FCC). Kuhusu bidhaa isiyokidhi viwango, toa taarifa kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Maswali ya kujipima

1. Umekaza mnyororo, na sasa gurudumu la nyuma linakwaruza na habu imepata joto. Utarekebisha nini kwanza, na kwa nini?
2. Mlio unasikika pikipiki ikisimama bila gia, nao hutoweka unapovuta klachi. Je, beringi za gurudumu zinahusika?
3. Fundi amezinyamazisha vali bila kutumia kipimo chochote. Utamuuliza nini?

Ukiweza kuyajibu maswali haya bila kurudi nyuma, unaweza kuusikiliza mlio wa chombo chako kwa utulivu, na hutanunua kipuri kabla ya kujua kosa liko wapi.