Adrenalini: Dawa Itokayo Mwilini

Mtu akutanapo na nyoka njiani, moyo humwenda mbio, na nguvu za kukimbia humjia ghafula. Nguvu hizo huamshwa na homoni iitwayo adrenalini, itokayo katika tezi mbili ndogo zilizo juu ya mafigo. Mwaka 1901 Jokichi Takamine, mtaalamu wa Kijapani aliyefanya kazi Marekani, alitangaza kwamba ameitenga kutoka katika tezi za wanyama. Ndipo ikawa dawa.

Wako watu ambao wakiumwa na nyuki mmoja tu, koo huvimba, mishipa ya damu hulegea, na mtu aweza kufa kwa dakika chache. Adrenalini huikaza mishipa, huutia moyo nguvu, na kufungua njia za pumzi. Mtu mzima huchomwa sindano ya nusu miligramu katika msuli wa paja.

Basi aliyeumwa na nyuki akaanza kuhema kwa shida, asingojewe nyumbani apate nafuu. Na apelekwe hospitali upesi, wala asitembezwe kwa miguu. Hata akipona kwa sindano, yafaa akae kwanza mbele ya macho ya daktari, kwa maana hatari huweza kurudi.