Tusome Picha ya Kale: Mnara wa Taa wa Unguja

Tumekwisha jifunza kusoma herufi. Leo tujifunze kusoma picha.

PICHA YA KIOO
Zamani, kabla sinema haijaenea, watu walionyesha picha kwa vioo. Kioo kilikuwa kidogo, kama sentimeta 8 kila upande. Kilitiwa ndani ya sanduku lenye taa. Mwanga ukapita kwenye kioo, na picha ikatokea kubwa kwenye shuka jeupe.

Tuseme tumepata kioo cha namna hiyo. Kinaonyesha bandari ya Unguja, lakini hakina jina wala mwaka. Je, tutajuaje ni cha lini? Tutazame mnara.

KAZI YA MNARA
Wengi wetu huku Mbeya na Iringa hatujaiona bahari. Lakini wavuvi wa Kyela wanajua: ukiwa ziwani usiku, taa ya ufukoni ndiyo inayokuonyesha nyumbani. Mnara wa taa ni hivyohivyo. Taa huwekwa juu sana ili nahodha aione toka mbali, asije akapanda mwamba.

Sultani Barghash alitawala Unguja toka 1870 hadi 1888. Mwaka 1883 alijenga jumba la Beit al Ajaib. Mbele ya jumba, ufukoni, ulisimama mnara mrefu wa taa.

MIZINGA YA 1896
Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki. Khalid bin Barghash akashika jumba la kifalme bila kibali cha Waingereza. Tarehe 27, saa tatu asubuhi, manowari za Kiingereza zikaanza kupiga mizinga. Vita haikufika hata saa moja! Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Mnara wa taa nao ukapigwa, ukaharibika. Mwaka 1897 Beit al Ajaib ikatengenezwa, ikapata mnara wa saa ulioungana na jumba lenyewe.

Jibu letu ni hilo basi. Mnara ukiwa peke yake ufukoni, picha ni ya kabla ya vita. Mnara ukiwa umeungana na jumba, picha ni ya baada ya vita.

Mwaka 1904 ulijengwa mnara wa taa kisiwani Chumbe, nao upo hadi leo. Lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya Beit al Ajaib iliporomoka pamoja na mnara wa saa. Jengo huanguka, picha hubaki kuwa shahidi.

NA SISI JE?
Hebu tufungue masanduku yetu. Tuna picha za babu na bibi, za shule, za makanisa ya zamani. Nyingi hazina maandishi. Mzee anayewajua watu wale akifariki, picha inakuwa bubu. Basi tufanye hivi:

1. Tuwaulize wazee sasa: ni nani, wapi, lini?
2. Tuandike majibu nyuma ya picha kwa penseli, taratibu.
3. Picha ya kioo tuishike kingoni, tusiioshe kwa maji. Maelezo yake tuyaandike kwenye bahasha.

MASWALI
1. Mnara wa taa unamsaidiaje nahodha?
2. Tunajuaje picha ya Unguja ni ya kabla ya Agosti 1896?
3. Nyumbani kwako kuna picha ngapi zisizo na majina? Anza na moja leo.